Waya Ukilemewa na Barafu: Eneo Zima Hujiandaaje?

Kuna maji yaliyo baridi kuliko barafu na bado hayajaganda. Yakiwa angani kama tone safi, hayana chembe ya kushikia ili yaanze kuganda, kwa hiyo huendelea kushuka yakiwa maji hata kama hewa inayoyazunguka iko chini ya nyuzi 0 za Selsiasi. Yakigusa tawi, waya wa umeme, kioo cha gari au lami, yanaganda hapo hapo. Hiyo ndiyo mvua inayoganda, na ikinyesha kwa saa nyingi huitwa dhoruba ya barafu. Haihitaji ngurumo wala upepo wa kung'oa mapaa. Watu huamka wakakuta kila kitu kinang'aa kama kimepakwa kioo, na kinachosikika nje ni matawi yakivunjika, moja baada ya jingine.

Wengi wakisikia habari hiyo hufikiria barabara zinazoteleza. Barabara zina hatari yake, nami nitaifikia. Lakini kinacholaza eneo zima ni waya, pamoja na msururu mrefu wa vitu vinavyoutegemea bila sisi kukumbuka. Anayetaka kuelewa maandalizi ya dhoruba ya barafu aanze kwa kuuliza: umeme ukikatika kwa wiki mbili, nini kinafuata kuzimika, na baada ya hicho, nini tena?

Tofauti ya nyuzi moja

Mambo huanza juu, kwa kawaida theluji ikidondoka kutoka mawinguni. Njiani inapita kwenye tabaka la hewa yenye joto zaidi ya nyuzi 0, inayeyuka, inakuwa mvua. Kisha, mita mia chache kabla ya kufika chini, mvua hiyo inaingia kwenye hewa baridi iliyolala juu ya ardhi. Hewa hiyo baridi ikiwa tabaka nene, matone huganda yakiwa bado angani na kufika kama punje ngumu zinazodundadunda, ambazo hazishikamani na waya. Ikiwa tabaka jembamba, matone hayapati muda wa kuganda. Yanafika yakiwa maji na kugeuka barafu kwenye chochote yanachokigusa. Na joto la chini likipanda hata kwa nyuzi moja tu, ile ile iliyotabiriwa kuwa maafa inakuwa mvua ya kawaida ya kero.

Hapo ndipo watabiri wa hali ya hewa wanapotaabika. Theluji, mvua, punje na mvua inayoganda vinaweza kupatikana siku moja katika miji iliyo umbali wa kilomita chache, bonde likipata barafu na mlima ulio jirani ukipata mvua tu, kwa sababu hewa baridi ni nzito na hutuama mabondeni kama maji kwenye bakuli. Kwa hiyo utabiri wa siku tatu kabla huwa ni wa uwezekano, si wa uhakika. Kiongozi anayesubiri uhakika ataupata barafu ikiwa tayari imeshika waya. Maeneo yaliyojifunza hilo huweka viwango mapema: uwezekano ukifika kiasi fulani, magari ya chumvi yanajazwa, ukipanda zaidi, mafundi wa nje wanaitwa, ukipanda tena, shule zinafungwa. Baadhi ya siku watafunga shule na mvua inyeshe ya kawaida, na watu watawacheka. Kwa maoni yangu, kicheko hicho ni sehemu ya gharama, na ni bora kikawekwa kwenye bajeti tangu mwanzo.

Uzito usioonekana

Sasa tuje kwenye waya wenyewe. Chukua waya wenye kipenyo cha sentimita 2. Ukivikwa barafu ya unene wa sentimita 1 pande zote, kila mita yake inaongezewa kama kilo 0.85. Unene huo ukiongezeka hadi sentimita 2, uzito haujiongezi maradufu. Unafika kilo 2.3 hivi. Ukifika sentimita 4, ni karibu kilo 6.8 kwa kila mita. Haba na haba hujaza kibaba, lakini hapa kila haba inayofuata ni kubwa kuliko iliyotangulia, kwa sababu barafu mpya inazunguka juu ya mduara mpana zaidi. Kwenye umbali wa mita 100 kati ya nguzo mbili, sentimita 4 za barafu ni kilo 680 kwa waya mmoja tu, na nguzo moja huwa imebeba nyaya kadhaa.

Kisha upepo. Waya uliovaa barafu ni mnene, hivyo unaushika upepo kama tanga dogo, na barafu isiyolingana pande zote huufanya uanze kupanda na kushuka kwa mawimbi makubwa mpaka nyaya zigongane au vishikizo vivunjike. Ndiyo maana kipimo cha Sperry-Piltz kinachotumika Marekani, chenye ngazi kutoka 0 hadi 5, hakiangalii unene wa barafu peke yake. Kinauchanganya na kasi ya upepo ili kukadiria madhara kwenye mfumo wa umeme. Milimita 12 za barafu katika usiku mtulivu na milimita hizo hizo zenye upepo mkali ni majanga mawili tofauti.

Miti nayo ina habari yake. Nyaya nyingi za mitaani hazianguki kwa uzito wao, huangushwa na matawi. Mti wenye afya unaweza kuinama hadi chini ukainuka tena. Wenye uma dhaifu, uliooza katikati au uliokatwa kichwa hovyo ndio unaopasuka. Kazi ya kupogoa kando ya njia za umeme hufanywa wakati hakuna anayefikiria barafu, na ndiyo inayolalamikiwa zaidi na wenye mitaa yenye vivuli. Hakuna anayepiga simu kushukuru kwa tawi ambalo halikuanguka.

Januari 1998

Dhoruba inayorejelewa mara nyingi ni ile ya Januari 1998 mashariki mwa Kanada na kaskazini-mashariki mwa Marekani. Kuanzia tarehe 5 hadi 10, mvua inayoganda ilinyesha kwa awamu, ikipumzika na kurudi, hadi sehemu za kusini mwa jimbo la Quebec nchini Kanada zikapata jumla ya milimita 100 hivi. Minara ya chuma zaidi ya 1,000 ilianguka, na nguzo za mbao zipatazo 30,000. Ndani ya Quebec peke yake wateja takriban 1,400,000 walibaki bila umeme, wengine kwa zaidi ya mwezi. Eneo lililoumia kuliko yote, kati ya Saint-Hyacinthe, Granby na Saint-Jean-sur-Richelieu, lilipewa jina la pembetatu ya giza. Kanada ilipeleka wanajeshi zaidi ya 15,000, wengi wao wakiwa na misumeno na majembe badala ya bunduki.

Mambo mawili ya tukio hilo yanafundisha kuliko hizo tarakimu. La kwanza ni jinsi minara ilivyoanguka. Mnara wa umeme husimama kwa sababu nyaya zinauvuta sawasawa pande zote mbili. Mmoja ukianguka, wa jirani unabaki ukivutwa upande mmoja tu, nao unakwenda, kisha unaofuata, kama wachezaji wa kuvutana kamba waliokatikiwa kamba. Baada ya 1998 kampuni ya umeme ya Hydro-Québec iliweka minara ya nguvu zaidi kila baada ya umbali fulani ili kuanguka kukianza kusivuke hapo. Pia ilijenga mtambo kwenye kituo cha Lévis, karibu na Jiji la Quebec, unaopitisha mkondo mkubwa wa umeme wa moja kwa moja kwenye njia kuu ili nyaya zipate joto na kuyeyusha barafu. Mtambo kama huo ni ghali na unalinda njia chache tu. Hauwezi kuwekwa kila mtaa. Lakini falsafa yake ni nzuri: huwezi kuokoa kila waya, chagua ule ambao mingine yote inautegemea.

La pili ni maji. Tarehe 9 Januari, mitambo ya kusafisha maji ya Montreal ilikosa umeme. Jiji lenye mto mkubwa ubavuni likabakiwa na akiba ya maji ya saa chache, kwa sababu maji ya mto hayapandi mabombani yenyewe. Yanasukumwa na pampu, na pampu inataka umeme. Bila maji hakuna kuzima moto, na mji usio na umeme wakati wa baridi umejaa mishumaa na majiko. Wakati huo huo mji wa Boucherville ulileta kichwa cha treni ya dizeli, kikatolewa relini na kuendeshwa barabarani ili kilipatie umeme jengo la halmashauri. Ni kisa cha kuchekesha na cha werevu, ingawa kinaonyesha pia kwamba jenereta iliyohitajika haikuwepo pale ilipohitajika.

Msururu wa utegemezi

Kwa hiyo kikao cha kwanza cha maandalizi, ambacho kinafaa kufanyika majira ya joto, hakizungumzii barafu kabisa. Kinachora msururu. Hospitali ina jenereta: vizuri. Jenereta ina mafuta ya siku ngapi? Tatu. Nani analeta ya siku ya nne, na lori lake litapita barabara gani? Kituo cha mafuta kina tangi lililojaa chini ya ardhi, lakini pampu yake inatumia umeme, kwa hiyo mafuta yapo na hayatoki. Minara ya simu ina betri zinazodumu saa chache tu, na baada ya hapo mwananchi aliyeambiwa apige namba ya dharura hawezi kupiga. Duka lina chakula ila mashine ya kadi imezima. Mgonjwa wa figo anasafishwa damu mara tatu kwa wiki; kliniki ikizima Jumatatu, kufikia Ijumaa yeye ni dharura ya hospitali. Mwenye mashine ya oksijeni nyumbani hana hata hizo siku.

Misururu hii ina tabia ya kujizungusha, na hapo ndipo hatari kubwa iko. Texas, Februari 2021, tatizo lilikuwa baridi kali zaidi kuliko barafu ya kwenye nyaya, lakini somo ni lile lile. Mitambo mingi ya umeme ilikuwa inatumia gesi, na baadhi ya vifaa vya kuzalisha na kusukuma gesi vilikuwa vinatumia umeme. Wenye vifaa hivyo hawakuwa wamevisajili vyote kama wateja muhimu, yaani wasiokatiwa umeme wakati wa mgao. Ulipoanza mgao wa dharura vikakatiwa umeme, gesi ikapungua, mitambo mingine ikazima. Usiku wa kuamkia tarehe 15, gridi ya jimbo ilikuwa na dakika 4 na sekunde 37 tu kabla ya kuanguka yote. Hunan, Uchina, mwanzoni mwa 2008, mzunguko ulipita kwenye reli: barafu iliangusha nyaya, treni za umeme zikasimama, na makaa ya mawe ya kuzalishia umeme yakakwama njiani pamoja na wasafiri wa Mwaka Mpya wa Kichina. Jiji la Chenzhou lilikaa siku 10 hivi bila umeme wala maji. Kama fomu moja ya kusajili mteja muhimu inaweza kuvunja mzunguko wa namna hiyo, basi karani anayeijaza ni mtu wa uokoaji sawa na anayepanda nguzo.

Mara nyingi huulizwa kwa nini nyaya zote zisizikwe ardhini, mambo yaishe. Zikizikwa barafu haizifikii, kweli. Ila gharama huwa mara kadhaa ya njia ya juu, hitilafu inapotokea kuitafuta huchukua muda, na njia kuu za msongo mkubwa zinazovuka mamia ya kilomita ni ngumu zaidi kuzika. Kuzika vipande vilivyochaguliwa, kama njia inayokwenda hospitali au kituo cha pampu, ni hesabu inayolipa. Kuzika zote ni ndoto ya baada ya dhoruba ambayo kwa kawaida huyeyuka pamoja na barafu.

Barabarani

Chumvi haipigani na barafu. Inashusha joto ambalo maji huganda. Chumvi ya kawaida hufanya kazi vizuri hadi nyuzi 9 hivi chini ya sifuri, na chini ya hapo inakuwa polepole mno kuwa na maana. Kloridi ya kalisi huendelea kufanya kazi kwenye baridi kali zaidi, lakini ni ghali. Mchanga hauyeyushi chochote, unasaidia matairi kushika tu. Na kumwaga maji ya chumvi barabarani kabla ya dhoruba, mbinu inayofaa sana kwa theluji, kuna mtego kwenye mvua inayoganda: ikianza kama mvua ya kawaida inaosha chumvi yote, na barafu inakuta lami tupu. Kwa hiyo magari hayana budi kurudia njia zile zile tena na tena, na kwa kuwa hayatoshi kila mahali, orodha ya barabara za kwanza lazima ijulikane mapema. Madaraja ndiyo ya kutangulia, kwa sababu hewa baridi inayapiga juu na chini na yanaganda kabla ya barabara iliyolala ardhini. Tarehe 11 Februari 2021 huko Fort Worth, Texas, magari zaidi ya 130 yaligongana asubuhi kwenye barabara kuu yenye barafu, watu 6 wakafa.

Pamoja na chumvi yote hiyo, dawa bora ya barabara ya barafu ni kutokuwa na gari juu yake. Na hili nalo lina namna yake. Atlanta, tarehe 28 Januari 2014, theluji ya sentimita 6 hivi iliyokanyagwa ikawa barafu. Ofisi, shule na serikali viliruhusu watu waondoke karibu wakati mmoja mchana. Jiji zima likaingia barabarani kwa pamoja, foleni zikasimama, na magari ya chumvi yakakwama ndani ya foleni hizo hizo. Watoto walilala shuleni na watu wakalala garini. Kuwarudisha watu nyumbani kwa zamu, au kuwaambia usiku uliotangulia wasitoke kabisa, hakugharimu chochote isipokuwa ujasiri wa kutangaza mapema.

Ndani ya nyumba

Kwa kaya, ushauri wa kawaida unajulikana: maji ya kunywa ya lita 4 kwa mtu kwa siku, chakula kisichohitaji kupikwa, dawa, blanketi, redio ya betri, fedha taslimu. Friji iliyofungwa hulinda chakula kwa saa 4 hivi, na friza iliyojaa hufika siku mbili isipofunguliwafunguliwa. Mabomba yaachwe yadondoshe maji kidogo kidogo, au maji yafungwe kwenye valvu kuu na mabomba yamwagwe, la sivyo yatapasuka na utajua siku yatakapoyeyuka.

Lakini kama ningepewa dakika moja tu redioni, ningeitumia yote kwa kaboni monoksaidi. Gesi hii haina rangi wala harufu, inatoka kwenye jenereta, jiko la mkaa, jiko la gesi la nje, na gari linalonguruma ndani ya gereji. Anayeivuta huanza na kichwa kuuma na uchovu, anadhani ni mafua, anajilaza, na haamki. Dhoruba ya Kentucky ya Januari 2009 ilikata umeme kwa wateja zaidi ya 700,000, na gesi hii ilikuwa miongoni mwa wauaji wakubwa wa siku zilizofuata. Jenereta ikae nje, angalau mita 6 kutoka dirishani na mlangoni. Si barazani, si gereji yenye mlango ulioachwa wazi. Mkaa usiingizwe ndani hata kidogo. Onyo hili likitolewa baada ya umeme kukatika linakuwa limechelewa, maana televisheni imezima na simu inaelekea kuzima. Hutolewa siku mbili kabla, kwa kila lugha inayozungumzwa katika eneo hilo, hasa na watu waliohamia karibuni kutoka nchi zisizo na baridi, ambao kwao kuwasha moto ndani ni jambo la busara.

Jenereta ina kosa jingine la kuua, la kuichomeka kwenye soketi ya ukutani ili iwashe nyumba nzima. Umeme huo unatoka nje kupitia waya wa mtaani, unafika kwenye transfoma inayopandisha msongo, na unamkuta fundi aliyeshika waya anaoamini umekufa. Bila swichi maalumu ya kutenganisha nyumba na njia ya nje, jenereta iunganishwe moja kwa moja na vifaa kwa waya wake.

Kurudisha taa

Mafundi wa eneo lililopigwa huwa hawatoshi, kwa hiyo makubaliano ya kusaidiana na kampuni za mbali huandikwa mapema: nani analipa, watalala wapi, watakula nini, nani atawaongoza mitaa wasiyoijua. Timu inayosogezwa karibu kabla barafu haijaanza ina thamani ya timu kadhaa zinazojaribu kuingia baada ya barabara kufungwa. Ubaya ni kwamba dhoruba ikikwepa kwa kilomita 80, timu hizo zinakuwa mahali pasipofaa, na tunarudi kwenye ile nyuzi moja.

Utaratibu wa kurudisha umeme huwakera watu wasipoelezwa. Kwanza njia kuu, kisha vituo vya kupoza umeme, halafu njia zinazolisha hospitali na maji, halafu zinazobeba mitaa mikubwa, na mwisho waya unaoingia nyumba moja moja. Ndiyo maana gari la mafundi hupita mbele ya nyumba yako bila kusimama: wanafuata hitilafu iliyo juu yako, ambayo isipotengenezwa waya wako hata ukiunganishwa leo hauna cha kuleta. Na hata njia ikiwa tayari, haiwashwi yote kwa mkupuo. Nyumba zilizokaa siku tano bila joto zina mashine zote za kupasha joto zikisubiri kuwaka sekunde hiyo hiyo, na mzigo huo unaweza kuiangusha njia tena. Waendeshaji huwasha kipande kwa kipande, na huwaomba watu wazime kila kitu isipokuwa taa moja ya kuwajulisha kwamba umeme umerudi.

Halafu jua linatoka, na kila mtu anafurahi isipokuwa aliye chini ya nyaya. Barafu haiyeyuki kwa adabu. Inaachia kipande kirefu kwa mara moja, waya ulioinamishwa nayo siku nne unaruka juu kama upinde uliofyatuliwa, unagusa wa pili, na mtaa uliokuwa na umeme usiku kucha unazima saa nne asubuhi. Vipande hivyo huvunja vioo vya magari na vichwa vya watu. Fundi mwenye uzoefu huangalia juu kabla ya kuegesha, na asubuhi ya jua hulisogeza gari lake mbali na njia hata kama itabidi abebe vifaa kwa miguu juu ya barafu.